Kuna Wine Hainywangwi

Mathe alinipigia Jumapili moja usiku akidai kujua ka nimekula. Nikamsho niko kejani, nimekaa chini, naweka Wine kwa lapi. Simu ikanyamaza. Mathe ni wa kitambaa cha kanisa, hawezi kaa meza moja na chupa ya bia hata ikiwa tupu. "Kwani siku hizi mnamwagia hadi kompyuta?" akauliza polepole, ile polepole ya mzazi ameshaanza kupanga maombi. Ilinichukua dakika kumi kumchanua kwamba kuna Wine hainywangwi, na kredo yake yote ikaishia hapo.

Pengine hata wewe hujawai iskia, so wacha nikupee hii risto kutoka juu.

Mimi ni wa kutengeneza biti. Lapi yangu ni ThinkPad T440 ya ex-UK, nilitoa tao kwa duka iko orofa ya tatu, ngazi zake zimejaa wasee wa kukuvuta mkono. Walianza na ngiri kumi na nane, tukamalizana kumi na sita na nusu juu betri ilikuwa mgonjwa. Ka hujui ex-UK ni nini, ni lapi za ofisi huko majuu: kampuni ikizichoka inaziuza kwa jumla, zinapanda kontena, zinalandi hapa, zinapanguswa vumbi na kubandikwa stika. Hiyo yangu Lenovo walianza kuitoa 2013. Ndani iko na Core i5 ya jenereshen ya nne na RAM ya giga nane. Si mrembo, lakini kiibodi yake ukiigonga inakujibu ka mtu ana adabu.

Na biti huku Eastlando ni FL Studio. Usinibishie. Kuna wasee wanatumia vitu ingine, wanajulikana, wana MacBook na keja za Kilimani. Sisi wengine wote tulianza na FL, na wazee bado wanaiita Fruity, juu ilizaliwa ikiitwa FruityLoops, Desemba 1997, huko Ubelgiji, kwa kampuni inaitwa Image-Line. Msee aliiandika kwanza anaitwa Didier Dambrin. Aliiandikia Windows. Ikakaa ya Windows pekee yake zaidi ya miaka ishirini. Ya Mac kamili ilikam 2018, toleo la 20. Ya Linux, ile sistimu ya bure ya kuendesha kompyuta badala ya Windows? Hakuna. Hiyo ndio shida yenye hii risto nzima inazunguka.

Lapi ilikuja na Windows 10 ya mchongo. Unajua zile: kila asubuhi kona ya chini kuna maandishi yanakukumbusha hujalipa, ka ladlodi ametuma mesej kwa njia ya skrini. Sikuwa na noma nayo. Noma ilianza nikishusha plagini ya kukraki kwa tovuti yenye ilikuwa na matangazo mengi kushinda jam ya Jogoo Road. Plagini haikuwaka. Kitu ingine ndio iliwaka. Kufika jioni faili zangu zilikuwa zimebadilishwa majina, hazifunguki, na feni inapiga kelele ka ndege inatoka Wilson. Biti kumi na nne zilienda hapo. Sina mtu wa kulaumu, ni mkono wangu ulibonyeza.

Nikaona basi nisafishe mashini, niweke Windows safi. Hapo ndio nikastuka na kalenda. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga apdeti za kawaida za Windows 10. Ukidai kuendelea vizuri, panda Windows 11. Na Windows 11, tangu itoke Oktoba 2021, mlangoni inaitisha prosesa ya Intel ya jenereshen ya nane kupanda juu, na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0. Yangu ni ya nne. Ni ka bash imeandikwa kuanzia miaka kumi na nane na we uko kumi na nne. Kuna wasee hupitia dirisha ya choo, wanaiweka kwa njia za panya, na huwa inawaka. Mimi nilikuwa nimechoka na njia za panya wiki hiyo hiyo.

Nikaenda kwa mzae wa saiba. Huyu mzae ako Buru, saiba yake ni ya kitambo, bado kuna bango ya kuchapisha CV, na kompyuta zake zote sita hazina Windows hata moja. Watu huingia hapo, wanafanya KRA, wanaprinti, wanalipa mbao, wanahepa, na hakuna hata mmoja hujua. Nilimpata akimanga chapo madondo. Akacheki lapi, akaigeuza, akaninong'oneza ka daktari: "Hii bado ni mzima kabisa. Weka Linux Mint."

Nikamuuliza, na Fruity?

"Wine."

Nikamsho mzee, mimi nakuuliza swali ya maana.

Alicheka hadi dondo ikamkwama. Alafu akapangusa mkono na kunifungulia kompyuta ya kona, akabonyeza programu ya Windows, ile faili inaishia na .exe, na ikafunguka. Kwa Linux. Hakuna moshi, hakuna uchawi. Nikakaa chini.

Sasa tembea na mimi polepole hapa, juu ndio penye watu wengi hupotea. Programu haifanyangi kazi yote pekee yake. FL ikidai kufungua faili, haijui diski iko wapi. Inauliza sistimu: nifungulie hii. Ikidai kuchora dirisha, inauliza. Ikidai sauti itoke kwa spika, inauliza. Hayo maswali ni maelfu, na kila sistimu iko na majina yake. Kufungua faili, Windows inaita CreateFile, Linux inaita open. Ni ka kuingia hoteli ya Unguja uitishe smocha na chapo dondo. Chapati iko. Maharagwe iko. Jiko linawaka. Yenye haiko ni mtu wa katikati wa kumwambia mwenye hoteli venye umesema.

Wine ndio huyo mtu wa katikati. FL inauliza kwa lugha ya Windows, Wine inashika swali, inaliuliza tena kwa lugha ya Linux, jibu linarudi, inaligeuza, FL inaendelea na maisha yake. Na cheki hii: prosesa ni ile ile. Intel ya T440 inaelewa maagizo ya FL moja kwa moja, ikiwa ndani ya Windows ama ndani ya Linux, hiyo kazi haipiti kwa mkalimani. Maswali tu ndio yanapita kwake. Ndio maana haikuwi slo venye ungefikiria. Jina lenyewe ni kifupi cha sentensi ya Kizungu inasema Wine si emyuleta, ile programu ya kuiga mashini ingine, na hiyo Wine iko ndani ya sentensi pia ni kifupi cha sentensi hiyo hiyo, so ukiifungua inajifungua tena, haiishangi. Wasee wa kodi hupenda hizo mchezo.

Uliwai fikiria nganya? Isuzu hawajawai tengeneza nganya. Wanatoa chesisi ya lori, NQR ama FRR, mafundi wa hapa wanaijengea bodi, viti, skrini, taa za rangi na woofa za kutingisha madirisha ya jirani. Hiyo chesisi inajua imebeba mzigo. Yenye haijui ni kwamba mzigo unaimba. FL pia iko hivyo kwa Linux: inaangalia kushoto inaona C:, inaona folda ya Program Files, inaona kila kitu cha nyumbani. Kumbe ni folda moja imefichwa kwa akaunti yangu, inaitwa .wine, imepambwa ifanane na Windows. Ukiifuta, Windows yote imeenda, na kompyuta haijaskia kitu.

Hii kazi haikufanywa wikendi moja. Ilianza 1993, wasee wawili, Bob Amstadt na Eric Youngdale, wakidai kuendesha programu za Windows 3.1 kwa Linux. Mwaka uliofuata Alexandre Julliard akashika usukani, na ameushika hadi wa leo. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 17, 2008. Hesabu. Miaka kumi na tano. Mtoto amezaliwa, ameenda nasari, amefanya KCPE, ako sekondari anaficha simu kwa godoro, na hao wasee bado wanasema haijaiva.

Na ukiskia venye waliifanya utawapea heshima. Microsoft hawakuwapea kitabu cha ndani. So wanaandika kaprogramu kadogo ka kuuliza Windows swali moja, wanaandika kwa daftari imejibu nini, alafu wanatengeneza yao yenye inajibu vile vile. Swali moja moja, maelfu ya maswali. Na si majibu mazuri tu. Kuna programu za kitambo ziliandikwa zikitegemea makosa ya Windows, so Wine lazima ikosee penye Windows inakosea, vile vile, na adabu. Ka umewai cheki kodi ya Windows yenyewe, ile imewai vuja, hawakuruhusu kuchangia. Wanadai mikono safi, kusiwe na mtu atawapeleka kotini akisema waliiba.

Basi. Nikarudi keja Umoja na flashi ya giga nane, Mint iko ndani. Kuweka Linux ilinichukua muda wa kupika ugali na sukuma, si uongo, nilikuwa napika. Wine nikaichukua kwa duka ya programu ya Mint yenyewe, bure. Nikashusha FL kutoka kwa wenyewe, nikabonyeza mara mbili, na ile instola ya Windows, ile ya Next, Next, Next, ikatokea katikati ya Linux ka mgeni amekosea mlango na ameamua kukaa. Hapo ndio mathe alipiga simu.

Kufunguka ilifunguka. Lakini maandishi yalikuwa yameshikana vibaya, mengine vijisanduku tu, juu Windows huwa na fonti zake na Linux haizibebangi. Kuna kitu inaitwa winetricks, unaiambia ikuletee fonti kuu, inaleta. Dakika tano. Hiyo haikuwa ngori.

Ngori ilikuwa sauti.

Nikachomeka kakiibodi kangu ka MIDI, nikagonga kiki. Kimya. Alafu: du. Ilikam imechelewa ka mgeni wa harusi ya Nairobi. Nikagonga tena, nikahesabu mdundo, kila kitu kilikuwa nyuma ya kidole. Ka si mtu wa muziki utaniambia si kitu, ni kidogo tu. Wacha nikupee hesabu. Sauti ya kompyuta inakatwa vipande 44,100 kila sekunde. Kompyuta haitoi kipande kimoja kimoja, inakusanya kwa ndoo, ndoo ikijaa inamwaga. Ndoo ya vipande 2,048 inachukua karibu milisekunde 46 kujaa. Ya 256 inachukua kama milisekunde sita. Hiyo tofauti kwa mkono ni kubwa: kwa sita unapiga ngoma, kwa 46 unafuata ngoma ya mtu mwingine.

Kwa Windows hii kazi wasee wa muziki wanaipitisha kwa njia ya mkato inaitwa ASIO, inaruka foleni yote ya sauti za kawaida. Wine haiji na hiyo njia. Lazima uongeze kitu ingine, WineASIO, yenye inashikanisha FL na mfumo wa sauti wa Linux unaitwa JACK, na siku hizi PipeWire inaweza jifanya JACK. Nimeisema kwa sentensi moja, kuifanya ilinila siku tatu. Siku ya kwanza sauti haikutoka kabisa. Ya pili ilitoka ikikwaruza ka redio ya mat imeshika steshen mbili. Ya tatu nikaenda kwa mzae wa saiba nimefura macho, akacheki mara moja, akabadilisha namba moja kwa mipangilio, akaniambia niende nikalale. Kulikuwa na pande mbili hazikubaliani ukubwa wa ndoo. Hiyo tu. Siku tatu.

Tangu hapo imetulia kwa 256. Kuna msee wa gengetone kutoka Kayole alikam kejani kurekodi, akakaa nyuma yangu masaa mawili, akacheki skrini, akaniuliza nilipata doh wapi ya Mac. Nikachorea.

Sasa usichanganye hii na ile kitu iko kwa simu yako. Najua uko nayo. Kila mtaa, kila steji, kuna kijana ameinama anacheza soka ya PSP kwa simu ya ngiri kumi, kikosi kimeapdetiwa hadi usajili wa juzi. Hiyo ni PPSSPP, na hiyo ni emyuleta kweli kweli. PSP ya Sony ilitoka Japani Desemba 2004, na prosesa yake ni ya ukoo wa MIPS, spidi yake mwisho ni megahezi 333. Simu yako iko na ARM. Hizo mbili haziskizani hata salamu. Hapa mtu wa katikati hana bahati ya kugeuza maswali tu. Lazima ageuze kila agizo, kila neno, mamilioni kwa sekunde, na mpira usisimame. Msee aliianzisha ni Mswidi, Henrik Rydgård, akaitoa Novemba 2012, na kabla ya hapo alikuwa ameshasaidia kuanzisha Dolphin, ile ya GameCube. Ndio maana PSP ya megahezi 333 inahitaji simu iko na nguvu mara nyingi zaidi. Mkalimani naye lazima ale.

Na kuna wenye wameunganisha zote mbili. Tangu 2023 kuna kitu cha Android inaitwa Winlator: ndani kuna Wine ya kugeuza maswali, na Box64 ya kugeuza maagizo ya Intel kwa lugha ya ARM. Nimecheki dogo mmoja akicheza geimu ya PC ya kitambo kwa simu, simu imechemka hadi angeweza pasi shati nayo. Lakini inacheza.

Hata hao wa MacBook wasitucheke. Novemba 2020 Apple ikitoa Mac za kwanza za chipu ya M1, maprogramu karibu yote yalikuwa ya Intel. Wangefanya nini? Wakaweka mkalimani ndani, Rosetta 2, anafanya kazi kimya hadi wenyewe hawajui yuko. Na haikuwa mara ya kwanza. Rosetta ya kwanza ilikuwa 2006 wakihama kuenda Intel, na 2011 wakamfuta kazi, ukiapdeti programu zako za zamani zinakufa hapo hapo. Hii ya pili pia wamesema siku zake zinahesabika. Hiyo ndio tofauti naonanga: mkalimani wa kampuni akiambiwa ahame anahama na funguo. Wine hakuna mtu mmoja anaweza izima. Na kuna kitu wengi hawajui: kabla FL iwe ya Mac kamili, Image-Line walikuwa wametoa ya majaribio ya Mac, na ilikuwa imefungwa ndani ya CrossOver, yenye ni Wine ya kuuzwa ya kampuni inaitwa CodeWeavers. So kile mimi nilifanya kejani na sukuma ikiungua, wenye programu walishakifanya.

Doh kubwa kwa hii mambo iliingia kupitia geimu, kama kawaida. Agosti 2018 Valve, wenye duka ya Steam, wakatoa Proton: ni Wine, imeongezewa vitu, wakisaidiwa na hao hao CodeWeavers. Ndani yake kuna kitu inaitwa DXVK, inageuza michoro ya Direct3D ya Windows iwe ya Vulkan, yenye Linux inaelewa, na iliandikwa na Mjerumani, Philip Rebohle, juu alikuwa anadai kucheza geimu moja, Nier: Automata, kwa Linux yake. Geimu moja. Februari 25, 2022 Valve wakaanza kuuza Steam Deck, kakonsoli ka mkono kanaendesha Linux, na geimu zake nyingi ni za Windows. Wenye wamenunua wengi hawajali iko na nini ndani, na sioni kwa nini wajali.

Si kila kitu inawaka, usije ukanitafuta mtaani. Valorant sahau. Iko na askari anaitwa Vanguard anakaa ndani kabisa kwa roho ya Windows akicheki wezi, na kwa Linux hiyo roho haiko, so anakataa kufungua geti. Fortnite vile vile. Photoshop mpya ya Adobe ni kichwa ngumu, na Ofisi mpya ya Microsoft pia. Hapo ni heri utumie ya kwa brauza ama LibreOffice. Plagini za muziki zenye ziko na makufuli mazito ya kulinda kopi, nyingi zitakuangusha. Ka lazima, kuna njia ya VirtualBox, unaweka Windows nzima ndani ya dirisha, kompyuta ndani ya kompyuta. Lakini hiyo inakula RAM ka mgeni wa shagz, na kwa giga nane mtagawana nusu nusu na wote mlale njaa.

Na hapa skiza vizuri, juu mimi nilichomeka: Wine si bima. Virusi ya Windows ni programu ya Windows. Wine ikiwa imeiva vizuri, na virusi itawaka vizuri. Ile .wine iko na mlango inaitwa Z:, na Z: inafungukia diski yako yote ya Linux, project zote, picha za mathe, kila kitu uko na ruhusa kudara. Plagini ya kukraki inakufuata hadi huku.

Mambo ya sheria watu huogopa bure na kutoogopa penye wangeogopa. Kugeuza lugha si wizi. Sony walipeleka kampuni ya Connectix kotini Marekani juu ya emyuleta ya PlayStation, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasema kuchunguza mashini ili utengeneze yako yenye inaelewana nayo ni halali. Geimu yenyewe ukiishusha bila kulipa, hiyo ni kesi ingine na unajua. FL nayo, nilisota miezi mitatu nikailipia lile toleo dogo. Unalipa mara moja, apdeti unapata maisha yote. Sikulipa juu nimeokoka. Nililipa juu ile ya kujaribu inakuruhusu kuhifadhi project lakini haikuruhusu kuifungua tena, na mimi sina kichwa ya kumaliza biti siku moja.

Mzae wa saiba hakuniitisha kitu. Nilimpelekea kuku wa mia tano, akachukua mguu, mengine akasema nipeleke kwa mathe.

So ka uko na lapi imelala chini ya kitanda juu duka imekusho haiwezi, itoe vumbi. Mint inawaka kutoka kwa flashi bila kugusa diski, unaijaribu jioni nzima, ukiichukia unatoa flashi na hakuna kitu kimebadilika. Hiyo ya kuonja tu. Kabla uiweke kabisa, toa project zako, weka kwa flashi ingine, hiyo flashi mpee mtu mwingine akae nayo. Zile biti zangu kumi na nne hazijawai rudi.